Wateja Wako Wanaandika Programu? Wasikilize Kabla ya Kujitangaza

Tuseme uko Kikima, kule Mbooni, na umeamua kuuza huduma ya kutafsiri menyu za programu za simu kwa Kikamba. Wateja wako hawaji siku ya soko. Ni watengenezaji wa programu, na wengi wao utawapata mtandaoni tu.

Anza na GitHub na Stack Overflow, zote za mwaka wa 2008. Kwa GitHub watu huweka kazi zao wazi. Tafuta "M-Pesa" ama "Kenya" uone nani anatengeneza nini, na aliigusa lini mara ya mwisho. Ikiwa imeachwa miaka 3, pita.

Stack Overflow ni ya maswali na majibu. Tangu Safaricom izindue Daraja mwaka wa 2017, njia ya kuunganisha programu na M-Pesa, utakuta maswali kama haya: mteja amekatwa pesa, lakini programu haijapata taarifa ya malipo. Soma maswali hayo hata kama msimbo huuelewi. Ukiona mtu analalamika kwamba watumiaji wake wanakwama kwa sababu hawaelewi ujumbe wa Kiingereza, huyo ni wako.

Lakini usiweke tangazo hapo! Litafutwa, na watu hawa hawapendi maneno makubwa. Mtafsirie mtu mistari 5 ya menyu yake bure, umpendekezee kwenye GitHub. Akiikubali, jina lako linabaki kwenye rekodi ya kazi hiyo, kila mtu aione. Mweleze pia kwamba Kikamba cha Kitui na cha Makueni hutofautiana kwa baadhi ya maneno. Hilo kamusi ya mashine haitamwambia.

Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, nyamaza wiki 2 kwanza. Angalia nani huulizwa ushauri, nani ni kelele tu.

Ukipata kazi, itisha nusu ya malipo mapema. Picha ya meseji ya malipo si malipo. Angalia salio lako mwenyewe. Na mtu akikuomba umsaidie "kujaribu mfumo", ukaona simu yako inaitisha PIN, soma kwanza jina la anayelipwa na kiasi. Kama hukutarajia kulipa, kataa. Hakuna jaribio linalohitaji umtajie mtu PIN yako.