SOMO: KUTU KATIKA MABOMBA YA BREKI

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Pikapu kuukuu ibebayo pamba kutoka Shishiyu hutegemea mabomba membamba ya chuma yapelekayo mafuta ya breki magurudumuni. Tope la mvua hunata juu yake, hasa penye vibanio, na kutu huyala polepole. Kwa ndani, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yasipobadilishwa, kwa kawaida kila miaka 2, huleta kutu na huchemka upesi breki zipatapo moto.

Katika ukaguzi wa chama kimoja nilikuta bomba linalovuja limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Daftari lilionyesha mafuta ya breki yakinunuliwa kila wiki, na hakuna aliyeuliza sababu. Injini haitumii mafuta hayo: yakipungua upesi, yanavuja.

Kabla ya safari:

1. Tazama kiwango cha mafuta ya breki, na majimaji upande wa ndani wa magurudumu.

2. Injini ikiunguruma, kanyaga pedali kwa nguvu kwa nusu dakika. Ikizama, gari lisiondoke.

3. Bomba lililoliwa libadilishwe. Lisifungwe wala kuzibwa.

Breki zikikatika njiani, dereva akanyage pedali mara kwa mara, ashushe gia, avute breki ya mkono kidogo kidogo, wala asizime injini kabla gari halijasimama.

Ndugu Katibu, andika ukaguzi huu daftarini, na uombe fungu la matengenezo katika makisio kabla ya msimu. Pamba iliyomwagika huokotwa, roho haiokotwi.