Gololi za Mto: Mchezo Unaofundisha Haki ya Maji

Ubao wa mbao umeinamishwa, na katikati yake umechongwa mto kutoka juu mpaka chini. Kandokando ya mto kuna vishimo, ambavyo ni mashamba. Gololi zikiachiliwa zinaporomoka, na mchezaji anatega kijiti kuzielekeza shambani kwake. Aliye juu hujaza vishimo vyake upesi na ziada juu. Aliye chini husubiri gololi zisizofika.

Mchezo huu wa bonde la mto ulibuniwa na mtafiti wa Uingereza, Bruce Lankford, na ukachezwa na wakulima wa Usangu, mkoani Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Morogoro ina sehemu yake katika habari hii. Mradi wa RIPARWIN, ulioanza 2001 na kuutumia mchezo huo, uliwakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilichopo Morogoro, Chuo Kikuu cha East Anglia na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji. Usangu ilikuwa na shida ya kweli: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ilhali mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yako chini kwenye mto huohuo.

Kwanza kila mchezaji hujitafutia mwenyewe. Kisha kundi hupewa kazi nyingine: wote wapate cha kutosha. Hapo ndipo kelele zinapogeuka kuwa mashauriano. Nani apunguze kijiti chake, kwa muda gani, na nani ahakikishe? Baadaye ubao huwekwa kando, watu wakazungumzia mto wao wenyewe, mabanio yao na zamu zao. Mazungumzo hayo ndiyo kiini cha shughuli nzima, na mwezeshaji anayeyakatisha kwa sababu muda umekwisha amewanyima watu walichokijia.

Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ina kila sababu ya kuucheza mchezo huu. Mto Ruvu, unaolisha mabomba ya Dar es Salaam, unapata maji mengi kutoka milima hii. Mto Ngerengere unajaza bwawa la Mindu linalohudumia mji wa Morogoro. Huko Mgeta, mboga zinazokwenda masokoni Dar es Salaam humwagiliwa kwa mifereji inayopita shamba hadi shamba. Mwenye bustani mlimani na mama anayefungua bomba mjini hawafahamiani, lakini wanagawana maji yaleyale.

Uluguru pia inajua gharama ya uamuzi unaoletwa bila mwenyeji kusikilizwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo wa chini usio na rutuba ulifukuliwa ukabaki juu, mazao yakapungua. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, Matombo ikiwamo, na mpango ukaachwa. Nia ya kuokoa udongo ilikuwa njema. Waliotakiwa kushika jembe hawakuulizwa.

Kijiji kisicho na ubao kinaweza kucheza leo. Watu wanane wakae mstari mmoja, wa kwanza akiwa chanzoni na wa mwisho mjini. Mwezeshaji ampe wa kwanza punje 60 za mahindi. Kila mmoja achukue anazotaka, apitishe zilizobaki. Shamba lihitaji punje tano ili familia ile. Zinazozidi ni za kuuza. Raundi ya pili iwe kiangazi, punje 40 tu, ambazo zinawatosha wote wanane kwa hesabu kamili iwapo hakuna anayezidisha. Kisha watu wabadilishane nafasi.

Kubadilishana nafasi kusiachwe kamwe. Mwenyekiti wa mfereji akae mwisho wa mstari, na kijana asiye na shamba akae chanzoni. Mwezeshaji asimtoe yeyote kwa heshima ya cheo au umri. Wanawake wapewe nafasi zote, kwani wao ndio wachotaji wa maji ya nyumbani, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayaweka mbele ya matumizi mengine.

Njia hii ya kujifunza kwa kucheza haiishii kwenye maji. Mwaka 1996 Penina Muhando Mlama, mzaliwa wa Berega wilayani Kilosa, pamoja na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mpango wa Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari huigiza yanayowakwamisha shuleni na kudai yatatuliwe. Baadaye shirika la elimu ya wasichana, FAWE, liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Shule ya Uluguru inaweza kuchanganya yote mawili: leo mstari wa punje, kesho igizo la nani anakosa vipindi kwa sababu ametumwa maji.

Jumuiya za watumia maji na walimu wa milimani waandae mchezo huu mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha na kabla maji ya mifereji hayajapungua. Daftari la zamu lifunguliwe siku hiyohiyo, na jina la mkulima wa mwisho mferejini liandikwe la kwanza.