Bibi kahamia nyumba ya wazee. Chumba chako je?

Simu huja jioni, mara nyingi kutoka kwa mtoto wa bibi anayeishi jimbo jingine. Mama harudi tena nyumbani, daktari amesema abaki huko huko kwenye kituo, nyumba inauzwa, tafadhali ifikapo Jumamosi uwe umeshahama. Na wewe, mlezi wake wa kulipwa, umelala nyumba ile miaka mitatu. Viatu vyako vya theluji vimepangwa mlangoni na vya bibi, na paka wake kazoea kulala miguuni pako.

Ukiwa Massachusetts, Marekani, ambako Wakenya wa Lowell na Waganda wa Waltham wengi wanaishi kwa kazi ya kulea wazee, usianze kufunga virago usiku huo. Jimbo lina sheria ya wafanyakazi wa majumbani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2015. Mwajiri akimwachisha kazi bila kosa mfanyakazi anayeishi nyumbani kwake, lazima ampe notisi ya maandishi. Juu ya hiyo notisi, ampe ama malazi ya siku 30, pale pale au mahali pengine panapolingana, ama malipo sawa na wastani wa mapato yake ya wiki mbili. Lisome vizuri neno hilo "ama". Familia ikikulipa zile wiki mbili, siku 30 za chumba huwezi kuzidai tena.

Bibi kuzidiwa si kosa lako. Kinachoweza kukunyima haki hiyo ni tuhuma zilizoandikwa kwa nia njema kwamba ulimtesa, ulimtelekeza au ulileta madhara. Na kwa kuwa haki hii ni ya anayeachishwa kazi, karatasi inayosema "nimeacha kazi kwa hiari" isiguswe na kalamu yako, hata ikiletwa na mtu mpole kiasi gani.

Ila kwanza itazame hundi yako: nani anailipa? Kama ni wakala mwenye leseni, au wewe ni mhudumu binafsi unayelipwa kupitia MassHealth, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, kifungu hiki hakikugusi. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuwa chumba ni kile kile na kazi ni ile ile. Chukua mkataba wako uende nao kwa wanasheria wa msaada wa bure.

Pia uliza bila haya: bibi ameenda kufanya mazoezi ya kupona, au ameenda kukaa? Baada ya kulazwa hospitali, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inaweza kulipia kikamilifu siku 20 za mwanzo kwenye kituo, na familia nyingi huwa hazijaamua lolote wakati huo. Wakikuomba ubaki ulinde nyumba, upokee barua, umlishe paka, hiyo ni kazi. Andika saa zake kwenye daftari, kila siku, kwa tarehe.

Siku ya kuachishwa ndiyo siku ya kulipwa mshahara wote uliobaki, pamoja na likizo uliyolimbikiza. Bibi kama hawezi tena kusaini, zungumza na mwenye hati ya uwakilishi, na maombi yako yawe kwa maandishi. Wakigoma, malalamiko hupelekwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, idara ya haki za kazi. Kukosa makaratasi ya uhamiaji hakukuondolei haki hizi.

Mlezi akiwa mtoto wa mwenye nyumba, mambo ni mengine kabisa. Kwa kawaida, mzee aliyeitoa nyumba yake bure ndani ya miezi 60 kabla ya kuomba Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, imlipie kituo hucheleweshewa msaada huo. Lakini mtoto aliyeishi humo angalau miaka 2 mfululizo kabla mzazi hajaingia kituoni, na ambaye malezi yake ndiyo yaliyomwezesha mzazi kubaki nyumbani, anaweza kuandikishiwa nyumba bila adhabu hiyo. Atatakiwa kuthibitisha: barua ya daktari, leseni ya udereva yenye anwani ile, bili zenye jina lake. Ni rahisi zaidi kuzikusanya mzazi akiwa bado yuko sebuleni.