Somo: Tulinde meza za kuanikia kahawa mbele mvua irudie



Hapa kwetu, pembeni ya ziwa Kivu, mavuno makubwa ya kahawa yanaelekea kuisha ku mwezi wa 6. Kisha hapo meza zinabakia inje, hakuna mutu anaziangalia mpaka serize zirudie mwaka wenye kufuata. Watu wengi wanafikiri meza inachoka juu ya uzito wa kahawa. Hapana. Meza inakufa wakati haina kazi: mvua ya kuanzia mwezi wa 9 ndiyo inaimaliza polepole.

Mavuno yakifika na meza tano zimeanguka, koperative inaanika parche nyingi juu ya meza kidogo. Parche ikilundikana haikauki mbio, inashika ukungu, na muuzaji anapewa bei ya chini. Hasara hiyo ni ya kila mutu mwenye alileta serize, hata kama zake zilikuwa muzuri.

Nini inaharibu meza?

Maji. Mbao yenye kukauka haiozi. Kuoza kunaanza wakati maji ndani ya mbao yanapita karibu 20%, na yanabakia hapo siku nyingi. Tuangalie fasi mbili: pale muguu unaingia ndani ya udongo, na pale mbao mbili zinaungana.

Muchwa. Unatoka ndani ya udongo na kupanda ku muguu ndani ya njia ndogo za udongo.

Mabaki ya kahawa. Yanashika maji na ukungu. Serize zenye kubakia zinaweza kuwa nyumba ya skolite, kile kidudu chenye kutoboa kahawa.

Kazi ya mwezi wa 7 na wa 8

Tutumie kipwa, juu jua linatusaidia bila kulipwa.

1. Kutosha nyavu. Nyavu za plastiki zioshwe, zikauke, zikunjwe na kutundikwa ndani ya depo, mbali na panya. Jua likizipiga mwaka muzima zinakatika. Griyaji ya chuma inaweza kubakia ku meza, lakini isuguliwe.

2. Kusafisha. Anza na brosi kavu mpaka mabaki yote yatoke. Kisha maji na sabuni kidogo yenye haina harufu, na kusuuza muzuri. Usitie javel ku griyaji: inakula zinki, na kutu inaingia. Acha meza ikauke siku nyingi ku jua mbele ya kuendelea.

3. Kupima miguu. Chimbua udongo kidogo, chomeka ncha ya kisu ku muguu. Kikiingia bila nguvu, muguu umeoza. Badilisha sasa, usingoje mavuno. Miti ya mikaratusi ya kukomaa inakawia kuliko fito changa. Kwaruza njia za muchwa na kukata majani chini ya meza.

4. Kutenga mbao na udongo. Kama inawezekana, muguu usimame juu ya jiwe ao simenti. Kama unaingia ndani ya udongo, paka gudro ile sehemu ya chini tu, ipite udongo kidogo. Lakini paka wakati mbao imekauka kabisa. Ukipaka mbao yenye maji, umeyafungia ndani, na itaoza mbio zaidi.

5. Kufunika. Weka manjanja ao shitingi juu, iiname upande mumoja ili maji yateremke, na upepo upite chini. Usiifungie meza yote ndani ya shitingi sawa muzigo: jasho linabakia ndani, na ukungu unakuja.

Tuchunge na mafuta ya vidanje

Fasi nyingi watu wanapakaa meza mafuta ya zamani ya motere juu ya muchwa. Tusifanye vile. Kahawa inanywa kila harufu yenye iko karibu yake. Mwenye kuonja kahawa akisikia petroli ndani ya kikombe, loti yote inakataliwa. Tena mafuta yale yana sumu, na mvua inayateremusha ndani ya mashamba na maji yetu.

Nani atafanya?

Kitu cha wote mara nyingi kinakosa mwenyewe. Inaomba komite iandike numero ku kila meza na kuipa kikundi kimoja. Ndani ya kaye tuandike: numero ya meza, siku ilisafishwa, miguu yenye ilibadilishwa. Kisha mvua ianze, mutu mumoja wa kila kikundi apite mara moja kwa mwezi: kuangalia kama kifuniko hakijaruka na maji hayasimami.

Tuzungumuze ndani ya kikundi

- Ku stasyo yetu, meza ngapi hazitafika mavuno yenye kuja?
- Misumari na mbao zitanunuliwa na feza gani, na lini?
- Nani ataangalia kaye?

Mama ao baba mwenye anatembeza mukono juu ya parche siku nzima anajua meza gani inayumba. Tuanze kwa kumuuliza yeye.