Muulizaji hodari si tabibu: Somo kutoka kwa Steven Bartlett

Katika zama hizi wakazi wengi wa mijini hawaanzi tena siku kwa redio wala gazeti. Mtu huvaa hedifoni, akapanda daladala au akawasha gari lake, na safari nzima akamsikiliza mtu asiyemjua akimhoji mtu mwingine asiyemjua. Mazungumzo huwa juu ya fedha, ndoa, usingizi, unene, msongo wa mawazo na njia za kufanikiwa maishani. Vipindi hivi huitwa podikasti, jina lililobuniwa mwaka 2004 na mwandishi wa habari wa Uingereza, Ben Hammersley. Kilichoanza kama mchezo wa wapenda kompyuta kimekuwa biashara kubwa, na kwa watu wengi kimekuwa darasa.

Ikiwa ni darasa, basi hatuna budi kuuliza nani mwalimu. Je, mtu anayejua kuuliza vizuri anastahiki kuaminiwa katika kila linalosemwa mbele yake? Ili tusijibu swali hili hewani, hebu tumtazame mmoja wa watangazaji mashuhuri wa fani hii, Steven Bartlett wa Uingereza.

Alikotoka

Bartlett alizaliwa Gaborone, Botswana, mwaka 1992. Mama yake ni Mnigeria na baba yake ni Mwingereza. Familia ilihamia Uingereza akiwa mtoto mdogo, akakulia katika mji wa Plymouth. Mwenyewe husimulia kuwa nyumbani kwao hali ilikuwa ngumu na kwamba alijiona tofauti na wenzake, kwa rangi na kwa uwezo. Alijiunga na chuo kikuu mjini Manchester lakini akaacha masomo mara tu baada ya kuanza.

Mwaka 2014 alishiriki kuanzisha Social Chain, kampuni ya kutangaza bidhaa kupitia mitandao ya kijamii. Kampuni ilikua haraka, na mwishoni mwa mwaka 2020 akaondoka. Kuanzia mwaka 2022 watazamaji wa televisheni ya BBC walimwona katika kipindi cha Dragons' Den, ambamo matajiri husikiliza mawazo ya wajasiriamali na kuamua kama watatia mitaji yao. Alikuwa mwekezaji mdogo kuliko wote kwa umri katika historia ya kipindi hicho.

Podikasti yake, The Diary of a CEO, yaani shajara ya mkurugenzi, aliianza mwaka 2017. Mwanzoni ilikuwa shajara kweli: kijana anasoma mawazo yake, hofu zake na upweke wake wa kuendesha kampuni. Baadaye akaanza kualika wageni, na hapo ndipo jina lake lilipopaa. Mwaka 2023 alitoa kitabu chenye jina lile lile, chenye kanuni 33 za biashara na maisha.

Siri ya kusikilizwa

Tuwe waadilifu. Mtu huyu hakufika alipo kwa bahati tu. Kwanza, ana subira. Mahojiano yake huchukua saa moja, mbili, hata zaidi, na mgeni hupewa nafasi ya kumaliza sentensi yake. Katika dunia ya mabishano ya dakika mbili, hilo peke yake ni neema kwa msikilizaji.

Pili, huanzia utotoni. Kabla ya kumuuliza mfanyabiashara juu ya mabilioni yake, atamuuliza juu ya mama yake. Wanaume wazima waliozoea kujikaza wamekaa kwenye kiti kile wakasema habari za huzuni zao, na bila shaka wapo wasikilizaji waliopata ujasiri wa kutafuta msaada kwa sababu hiyo.

Tatu, ana ubunifu. Kila mgeni, kabla ya kuondoka, huandika katika shajara swali moja kwa ajili ya mgeni ajaye bila kujua atakuwa nani. Na nyuma ya pazia kuna kazi nyingi: timu yake hujaribu vichwa vya habari na picha mbalimbali kwa watazamaji ili kujua kipi kitawavuta wengi.

Hapo kwenye kuwavuta wengi ndipo panapohitaji tahadhari.

Hatari ilipo

Podikasti ya namna hii hula kutokana na matangazo, na bei ya tangazo hupanda kadiri wasikilizaji wanavyoongezeka. Sasa fikiri, msomaji. Waje wageni wawili. Mmoja ni daktari bingwa anayesema: "Inategemea hali ya mgonjwa, na utafiti bado unaendelea." Mwingine anasema: "Madaktari wanawaficha jambo hili." Yupi atasikilizwa na wengi zaidi? Jibu liko wazi. Hivyo hata muulizaji mwenye nia njema huvutwa na biashara yenyewe kuelekea kwa mgeni wa pili.

Mwezi Desemba 2024 BBC ilitoa uchunguzi wake juu ya kipindi cha Bartlett. Ilichambua vipindi 15 vilivyohusu afya, ikakuta kwamba kwa wastani kila kimoja kilikuwa na madai 14 yenye madhara, yanayopingana na ushahidi mpana wa kisayansi. Lalamiko kubwa lilikuwa kwamba madai hayo yalipita bila kupingwa vya kutosha na mwenye kipindi. Kampuni inayotengeneza kipindi ilijitetea kwa kusema kuwa wageni wana uhuru wa kutoa maoni yao na kwamba huchunguzwa kabla ya kualikwa.

Miongoni mwa yaliyosemwa ni kwamba chanjo ya Uviko-19 ilileta hasara kuliko faida. Lakini makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionesha kuwa katika mwaka wa kwanza wa kutolewa kwake chanjo hizo ziliepusha vifo zaidi ya milioni 14 duniani. Mgeni mwingine, mpigania mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana kama tiba ya saratani, alizifananisha tiba za sasa za ugonjwa huo na tiba za karne za kale. Wakati huo huo, nchini Uingereza penyewe uwezekano wa mgonjwa wa saratani kuishi umeongezeka maradufu katika miaka 50 iliyopita.

Wengine watasema: hayo ni maneno tu, kila mtu ana akili yake. La hasha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha mwaka 2017 utafiti juu ya wagonjwa 281 wa saratani ambayo haijasambaa, walioamua kutumia tiba mbadala peke yake. Walipolinganishwa na wenzao waliotibiwa hospitali, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa wenye saratani ya matiti ilikuwa zaidi ya mara tano. Mwanamke aliyegundua uvimbe leo, akasikia mahojiano matamu usiku, akaahirisha kwenda hospitali kwa miezi sita, hana mahali pa kuirudisha miezi hiyo. Muulizaji atakuwa ameshahamia kwa mgeni mwingine.

Nani analipa?

Kuna jambo la pili. Mwezi Agosti 2024 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya kampuni mbili zilizomtumia Bartlett, yaani Huel, inayouza vyakula vya unga vya kuchanganya na maji, na Zoe, inayouza vipimo na ushauri wa lishe. Kosa halikuwa kwamba alizisifu. Kosa lilikuwa kwamba matangazo hayakuonesha wazi kuwa alikuwa amewekeza fedha zake katika kampuni zote mbili, na Huel alikuwa mmoja wa wakurugenzi.

Muuza samaki akisema samaki wake ni wabichi hatumlaumu, kwa sababu tunamwona yuko nyuma ya meza yake na tunajua anauza. Tatizo huja pale muuzaji anapovua aproni, akasimama upande wetu wa meza kama mteja mwenzetu, kisha akasifu samaki.

Maswali matatu

Hatusemi watu waache kusikiliza. Kusikiliza ni mlango wa elimu, na aliyeuliza vizuri ametusaidia sote. Tunasema msikilizaji naye awe muulizaji. Ajiulize maswali haya.

Kwanza, huyu anayezungumza amelisomea jambo hili, au ni hodari wa jambo jingine? Aliyefanikiwa katika biashara ana la kutufundisha katika biashara. Figo na moyo vina wenyewe.

Pili, nani anafaidika nikiamini? Ikiwa baada ya ushauri kuna unga wa kununua au kozi ya kulipia, basi usikilize kama unavyomsikiliza muuzaji.

Tatu, aliyekinyume na hoja hii amepewa kiti? Dai zito likipita saa mbili bila mtu wa kulipinga, tulichosikia ni hotuba iliyokaa kwa sura ya mazungumzo.

Na juu ya yote hayo, lolote linalogusa dawa unazotumia, upasuaji uliopangiwa au chanjo ya mtoto wako, lipeleke kwanza kwa daktari anayekujua kabla hujabadilisha kitu. Vivyo hivyo kabla ya kusukuma kipande cha video kwenye kundi la familia. Wewe utakuwa umekipima, lakini shangazi mwenye kisukari atakayekipokea usiku ataona kimetoka kwako, mtu anayemwamini, naye atakifuata kwa imani hiyo.

Bartlett amejenga kazi yake juu ya jambo jema, nalo ni kuuliza. Swali ambalo wakosoaji wake wanaona hakuliuliza vya kutosha ni fupi sana: "Unajuaje?" Tulichukue sisi.