Kabla Hujalipia Pikipiki ya Motokrosi Iliyotumika

Msimu ukikaribia, simu huanza kulia. Ni vijana wanaotaka kushindana motokrosi pale Jamhuri, Nairobi, na swali lao ni lile lile: "Kaka, nichukue 250 au 450?" Kwa mtu mzima anayeanza, mimi hupendekeza 125 ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Kama una mwili mkubwa, tafuta 250 ya mipigo minne. 450 iache kwanza. Itakumaliza mikono mapema, na mikono ikishachoka ndipo watu wanapoanguka. Kona, breki na kuruka vinajifunzwa juu ya pikipiki unayoweza kuifungulia mafuta mpaka mwisho bila hofu.

Wapo pia wanaouliza kama bodaboda inaweza kurekebishwa ishindane. Hapana. Shokomzoba za motokrosi zina mwendo wa sentimita 30 hivi, na za bodaboda hazifiki nusu yake. Ukishuka na bodaboda kutoka kwenye tuta la kurukia, fremu na mgongo wako ndivyo vitakavyopokea kishindo.

Pikipiki za mashindano hazipimwi kwa kilomita, zinapimwa kwa saa za injini. Injini ya 250 ya mipigo minne huzunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika, kwa hiyo pistoni yake ni kitu cha kubadilishwa kwa ratiba, hata kama haijaonyesha dalili yoyote. Mwulize muuzaji: pistoni ilibadilishwa lini, ikiwa na saa ngapi, na risiti iko wapi? Anayetunza pikipiki yake atakujibu papo hapo, na mara nyingi atakutolea daftari. Anayesema "injini haijawahi kufunguliwa" akidhani anaisifu, amekwambia kwamba gharama ya kuifungua inakungoja wewe.

Hapo ndipo ninapoipendea 125. Kuitengeneza upya sehemu ya juu ni pistoni, ringi, pini, beringi ndogo na gasketi, kazi ambayo fundi mzuri huimaliza kwa mchana mmoja. Ya mipigo minne ikipasuka huondoka na valvu, kichwa cha silinda, pengine na kemshafti, na bili yake inaweza kukufungia msimu mzima. Angalia pia upatikanaji wa spea. Yamaha YZ125 ilibaki na injini ile ile, kwa sehemu kubwa, kuanzia 2005 mpaka 2021, kwa hiyo vifaa vya miaka mingi vinaingiliana. Honda CR125 ni pikipiki tamu sana, lakini toleo la mwisho lilikuwa la 2007. Usiinunue kabla hujajua spea utazitoa wapi.

Siku ya kwenda kuiona, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, shika injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini, maana pikipiki ngumu kuwaka ikiwa baridi huwashwa mapema ili mnunuzi asione shida. Kwenye 250 za mipigo minne ugumu huo mara nyingi ni valvu. Nyingi ni za titani, na zikianza kuisha nafasi yake hupungua mpaka hazifungi sawasawa.

Kisha toa kiti na filta ya hewa. Hapa usiharakishe hata kidogo. Chukua kitambaa cheupe, kizungushe kidoleni, ukipitishe ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye injini, upande ule ambao filta inatakiwa kuulinda. Kikitoka safi, endelea na ukaguzi. Kikitoka na vumbi, hata chembe chache unazozisikia zikikwaruza kati ya vidole, basi vumbi hilo limekuwa likiisugua silinda, na stika mpya na plastiki zinazong'aa hazitabadilisha hilo. Mimi hufunga kiti, nashukuru, naondoka.

Ikipita hapo, inua gurudumu la nyuma kwa mkono, juu na chini. Likicheza kabla shokomzoba haijaanza kufanya kazi, beringi za linki zimekwisha. Zungusha usukani polepole: ukigota katikati, beringi za shingo zimekufa. Pitisha kidole kwenye foku kutafuta oili inayovuja. Simama nyuma utazame kama madgadi imenyooka na tairi. Halafu piga magoti umulike fremu karibu na vikanyagio, ukitafuta nyufa au rangi mpya mahali pamoja tu, na umulike nyuma ya sproketi ndogo, mahali ambapo cheni ikikatika hupasua kasha la injini. Nikiona weldi hapo, bei inashuka sana au mazungumzo yanaisha.

Jambo moja linatuhusu sisi wa bara. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Pikipiki ya kabureta iliyotoka Mombasa au Ulaya ikiwa na jeti zake za kule itatoa moshi mzito, itachafua plagi na itakohoa ukifungua mafuta. Hilo si kosa la injini. Jeti ndogo zaidi zinalimaliza, na unaweza kulitumia kupunguziwa bei.

Nyingi ya pikipiki hizi hazina namba za barabarani, kwa hiyo linganisha namba ya fremu na karatasi za forodha au risiti ya kununulia, na uchukue nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Namba iliyosuguliwa, usiiguse.

Usimalize hela zote kwenye pikipiki. Mimi hutenga theluthi nzima ya bajeti kwa helmeti, buti, kinga za kifua, magoti na shingo, pamoja na matengenezo ya mwanzo. Ukiifikisha nyumbani, mwaga oili, osha filta, paka grisi beringi zote, badilisha maji ya rejeta. Siku ya kwanza uwanjani zunguka mara mbili polepole, toka nje, kaza spoki zote na boliti za sproketi, kisha ndipo urudi ndani.