Tusisubiri Matanga

Mtu wetu akifariki Minnesota, kabla jua halijatua kundi la WhatsApp limeshafunguliwa. Kamati imepata mwenyekiti na mweka hazina, namba ya kutumia michango imebandikwa, akina mama wamegawana nani alete pilau na nani achemshe chai, na nyumba ya wafiwa kule Brooklyn Park inajaa watu kila jioni mpaka mwili usafirishwe. Najivunia sana jambo hilo. Linaniuma vilevile, maana nguvu hiyo yote huja wakati mhusika hawezi tena kuiona. Pengine mwezi mmoja nyuma alikuwa halali usiku, hapokei simu, haonekani kanisani wala msikitini, nasi tukasema tu kwamba kazi zimembana.

Wewe unayehamia Minneapolis au St. Paul utapewa ushauri mwingi kuhusu koti, leseni ya udereva na bima ya gari. Haya yangu ni ya moyo na akili, na nayaweka mbele ya koti.

Ujue kwanza kwamba pigo huchelewa. Wiki za mwanzo zina pilikapilika: karatasi, shule ya watoto, kutafuta kazi. Aliyekuja kama mkimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu au Nakivale, msaada wa kwanza wa mapokezi kwa kawaida umekuwa ukihesabiwa kwa siku 90. Baada ya miezi sita hivi, deni la nauli ya ndege linaanza kudaiwa. Aliyekuja kusoma au kwa bahati nasibu ya viza anakutana na karo, kodi, na jamaa nyumbani wanaoamini kwamba kufika Marekani ni kuukata. Aliyekuwa mwalimu mkuu Bukavu sasa anaogesha wazee usiku kucha, na asubuhi anaunganisha zamu ya pili mahali pengine. Hapo ndipo usingizi unapoanza kukatika.

Kisha inakuja Desemba. Jua linachelewa hadi karibu saa mbili asubuhi, na karibu saa kumi na nusu jioni linazama. Mchana mzima haufikii urefu wa saa 9. Anayefanya kazi usiku anaweza kumaliza wiki bila kuliona. Giza hilo huwashusha moyo hata wenyeji waliozaliwa hapa, kwa hiyo usidhani umerogwa wala umekuwa mvivu. Toka nje mchana hata kama kuna theluji, na zungumza na daktari kuhusu vitamini D na zile taa za mwanga mkali ambazo watu huketi karibu nazo kila asubuhi. Muulize kabla ya kununua taa, hasa kama una tatizo la macho au unatumia dawa za akili.

Kwa wengi wetu maumivu ya moyo hupitia mwilini. Kichwa kinauma kila siku, kifua kinabana, tumbo linavuruga, mapigo yanakwenda mbio, na vipimo vyote vinarudi safi. Ukirudi hospitali mara ya pili kwa jambo lilelile, mweleze daktari pia uliyoyapitia: vita, kambi, ndugu uliowaacha, ndoto zinazokuamsha. Bila hayo ataendelea kukupa vidonge vya kichwa.

Sasa watu. Watafute kabla hujawahitaji. Kanisa lenye ibada ya Kiswahili, msikiti, chama cha akiba, timu ya mpira, watu wa kwenu: ingia angalau kwenye viwili. Nasema viwili kwa sababu kundi la watu wa kwenu hukupokea haraka kuliko jingine lolote, lakini umbeya nao humo unakimbia haraka, na ni vizuri kuwa na mtu wa kumwambia neno zito ambaye hamjui shangazi yako.

Chama kinachokutana kila mwezi kuhesabu pesa kinaweza kutenga nusu saa ya kujuliana hali kwa dhati. Wanachama wagawane wawili wawili, kila mmoja amjulie mwenzake hali kila wiki kwa simu ya sauti, si kwa ujumbe wa kusambaza. Asiyeonekana mara mbili afuatwe nyumbani. Mama aliyelemewa apelekewe chakula na watoto wake wachukuliwe Jumamosi moja ili alale, kama ambavyo tungemfanyia akifiwa. Anayeogopa kwenda hospitali peke yake apate wa kumsindikiza. Yaliyosemwa yabaki pale, na anayeyatoa nje aambiwe mbele ya wote. Ukimkalia mtu namna hiyo, usimwambie kwamba wapo wenye shida kuliko yake. Sala ni nguzo yetu na sitamwambia mtu aiache, ila kiongozi wa dini anayemwamuru mgonjwa atupe dawa zake anamhatarisha, na inafaa wazee wamkabili.

Kusikiliza kwa namna hii hakuhitaji digrii. Mwaka 2006 mjini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kuketi na watu kwenye benchi la zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza kulitatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili pungufu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nairobi nako, wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wenye vikao 5 waliwapunguzia mzigo wanawake waliopitia ukatili. Hapa Minnesota tuna bibi wengi walioletwa kulea wajukuu. Wanashinda kwenye fleti peke yao wakiogopa barafu, hawana wa kuongea naye mpaka jioni. Waleteni kwenye mikutano. Wao wenyewe wana upweke, na wanajua kusikiliza kuliko sisi tunaotazama saa.

Ziko hali zinazozidi uwezo wa marafiki. Kwa wengi wetu hospitali ya akili maana yake ni Mathari, Mirembe au Butabika, na aliyelazwa huko jina humfuata. Hapa unaanzia kwa daktari wako wa kawaida, na vituo vya afya vya jamii hupanga malipo kulingana na kipato chako. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Taja lugha yako hasa: Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe. Mkalimani akiwa mtu unayemfahamu, una haki ya kuomba mwingine, hata kwa simu. Usimfanye mtoto wako mkalimani wa mambo haya. Daktari amefungwa na sheria ya siri: bosi wako, mchungaji wako na kundi la WhatsApp hawataambiwa naye, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yawe hatarini, ndipo anaweza kuwahusisha wanaoweza kuzuia hatari hiyo.

Waliopitia mateso na vita wana Center for Victims of Torture, shirika lililoanzishwa hapa Minnesota mwaka 1985 na ambalo limewahudumia pia wakimbizi Kenya. Misaada ya serikali ilikatwa sana mwaka 2025, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama kuna nafasi.

Mtu akianza kusema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa bunduki na dawa nyingi ndani ya nyumba, kisha pigeni 988. Laini hiyo ilianza Julai 2022, ni ya bure, usiku na mchana. Sauti ya mashine itaongea Kiingereza na Kihispania. Subiri mtu apokee, useme "Swahili", uombe mkalimani. Najua hofu iliyopo ya kushtakiwa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 tu kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Hapa hakuna anayefungwa kwa jambo hilo. Kama hatari imeshafika mlangoni, piga 911 na useme mapema kwamba ni dharura ya afya ya akili na kwamba mgonjwa hana silaha, kama hana. Tangu 2021, sheria ya Minnesota inataka timu za dharura za afya ya akili zihusishwe pale inapofaa.

Hofu nyingine ni ya karatasi. Kutibiwa huzuni au jinamizi la vita peke yake hakukunyimi ukaazi. Sheria ya uhamiaji inaangalia ugonjwa unaoambatana na vitendo vya kuhatarisha watu. Mzazi ambaye ugonjwa umemzuia kujifunza Kiingereza anaweza kuombewa msamaha wa mtihani wa uraia kwa fomu N-648 inayojazwa na daktari. Na anayeomba hifadhi anaweza kutumia ripoti ya mtaalamu wa akili kama ushahidi wa yaliyomkuta. Mwambie wakili wako mapema, kwa sababu miadi ya kuandikiwa ripoti hiyo huchukua muda kupatikana.